Mwandikie Ndugu Yako

Dominika ya Nane ya Mwaka B
Masomo: Hosea 2, 2 Wakorintho 3:1-6, Marko 2:18-22



Tunawasalimu nyote mnaotusikiliza asubuhi hii: ninyi mlioko Sindeni na vijiji vinavyoizunguka, ninyi wa Handeni na Korogwe, ninyi mlio katika kambi za mkonge na ninyi wa mashamba ya mahindi, wagonjwa mlio vitandani, na hasa ninyi makatekista ambao muda si mrefu mtaongoza ibada katika vigango ambako padre hatafika leo. Neema na amani ya Bwana iwe kwenu.

Katika somo la kwanza la leo nabii Hosea anatuonyesha Mungu aliyeachwa na taifa lake, kama mume aliyeachwa na mkewe. Hakukosa sababu ya kunyamaza. Mwanadamu akitendewa hivyo hufunga mlango na kufunga mdomo. Mungu hafanyi hivyo. Anaamua kumwongoza yule aliyemwacha mpaka jangwani, mahali pasipo kelele, na huko kusema naye maneno ya kumwingia moyoni. Tulikumbuke jambo hili tangu mwanzo: Mungu anapokosewa, yeye ndiye anayeanza kusema.

Katika somo la pili Mtume Paulo anazungumza juu ya barua. Walikuwapo walimu waliofika Korintho wakiwa na barua za kuwatambulisha, nao walimdharau Paulo kwa kuwa hakuwa nazo. Sisi twazifahamu barua za namna hiyo. Mkristo akihama Sindeni kwenda kukaa Dar es Salaam, huchukua barua ya paroko wake ili apokewe katika parokia mpya. Na mgeni kijijini huulizwa barua yake na mwenyekiti. Paulo anajibu kwamba yeye hahitaji karatasi, kwa kuwa Wakorintho wenyewe ndio barua yake. Wameandikwa moyoni mwake, na kila mtu anaweza kuwasoma. Wino wa barua hiyo ni Roho wa Mungu aliye hai, na mahali ilipoandikwa ni mioyo ya watu.

Wapendwa, Paulo asingeweza kusema maneno hayo kama asingekuwa mwandishi wa barua. Alijua barua ni nini. Katika waraka huo huo anawakumbusha Wakorintho kwamba aliwahi kuwaandikia kwa machozi mengi, moyo ukiwa na dhiki. Katika barua fupi aliyompelekea Filemoni, ambayo ina sura moja tu, anamwombea mtumwa aliyemtoroka bwana wake, kisha anaomba atayarishiwe chumba cha kufikia. Na katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, baada ya mafundisho makubwa juu ya imani na juu ya kifo chake kilicho karibu, anaomba aletewe joho alilomwachia Karpo kule Troa, na vitabu vyake, na tena anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtume mkuu aomba nguo ya kujifunika! Kanisa halikuyafuta maneno hayo kwa kuyaona madogo. Linayasoma kama Neno la Mungu, kwa sababu upendo wa kweli hukaa katika mambo hayo hayo madogo ya kila siku.

Tukitaka mfano wa karibu wa yale tunayoyasema, hatuna haja ya kutoka katika mkoa wetu wa Tanga. Tarehe 1 Januari 1909, katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, alizaliwa Shaaban Robert, ambaye watoto wetu humsoma shuleni kama mwandishi mkubwa wa lugha ya Kiswahili. Alikuwa Mwislamu, nasi ni Wakristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, umetufundisha kuwatazama Waislamu kwa heshima. Hapa Handeni na Korogwe fundisho hilo halikai kitabuni tu, maana Waislamu ni majirani zetu, wajomba zetu na wakwe zetu. Jema tulionalo kwa jirani ni la kumshukuru Mungu.

Wengi hudhani kwamba mtu aliyeandika vitabu vingi kama yeye aliishi maisha ya nafasi, akikaa kivulini na kalamu yake. Haikuwa hivyo. Baada ya kusoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Alitumika katika forodha, Pangani na kwingineko, mpaka mwaka 1944. Kisha alikwenda Mpwapwa katika Idara ya Wanyama. Mwaka 1946 alirudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya Jimbo, na tangu mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa katika idara ya upimaji. Mchana wake ulikuwa wa majalada, hesabu na amri za wakubwa. Vitabu aliviandika kwa saa zilizobaki.

Na katika saa hizo zilizobaki alifanya jambo jingine ambalo halikumpa sifa wala ujira: alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo zimekusanywa katika kitabu, kilichochapishwa Dar es Salaam mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Jina la kitabu lina miaka miwili ndani yake: 1931 na 1958. Tuitafakari miaka hiyo. Barua za mwanzo ziliandikwa na kijana wa miaka 22. Za mwisho ziliandikwa na mtu mzima wa miaka 49. Hiyo ni miaka 27.

Katika miaka hiyo 27 dunia ilipigana vita kuu. Kaka huyu alimzika mkewe Amina na kubaki na watoto. Alihama kutoka pwani akaenda bara, akarudi. Alitoa Pambo la Lugha mwaka 1947, Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Alipokuwa Mpwapwa, reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa hazijaungana bado. Kiungo cha kutoka Ruvu kuja upande wetu wa Korogwe kilifunguliwa mwaka 1963, naye alikwisha kufariki. Barua ilikwenda polepole, na jibu likarudi polepole. Hata hivyo, kaka hakumwacha mdogo wake bila neno.

Ndugu wapendwa, barua yahitaji watu watatu: mwenye kuiandika, mwenye kuifikisha na mwenye kuitunza. Tuwatazame kila mmoja, maana kila mmoja wetu ni mmojawapo wa hao.

Wa kwanza ni mwenye kuandika. Kuandika ni kukaa chini na kumweka mtu mmoja mbele ya moyo. Mahubiri husemwa kwa wengi, na tangazo husomwa kwa wote, lakini barua ina jina la mtu mmoja juu yake. Shaaban Robert alilijua jambo hili kama mzazi pia. Baada ya kifo cha Amina aliwatungia watoto wake tenzi mbili za wosia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe, ambazo amezitia katika kitabu cha maisha yake. Karani hakuwa na shamba kubwa wala majumba ya kurithisha. Aliwaachia watoto wake neno. Tujiulize, sisi wazazi: tukifa leo, watoto wetu wataweza kusema baba alituambia nini? Au watakumbuka tu kwamba alitulipia ada?

Wa pili ni mwenye kufikisha. Katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi yumo mtu aitwaye Tertio, ambaye anajitaja kuwa ndiye aliyeuandika waraka ule. Maana yake alishika kalamu, na Paulo akasema. Hatujui mengi juu ya Tertio, lakini bila mkono wake Warumi wasingepata waraka ule. Wilayani Korogwe, enzi za mashamba makubwa ya mkonge, walifika wafanyakazi kutoka mbali sana: Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Wengi hawakujua kusoma. Wakitaka kupeleka habari nyumbani, walimtafuta mtu mwenye elimu kidogo, wakamwambia maneno, naye akayaandika. Mtu huyo alibeba siri za watu. Aliandika habari za misiba, za madeni, za wake walioachwa na watoto waliozaliwa. Enyi makatekista, hiyo ni kazi yenu hata leo. Mnasimama kati ya watu na Mungu wao, na mara nyingi kati ya mtu na jamaa yake. Mnabeba maneno yasiyo yenu. Mchukuzi mwaminifu hafungui barua ya mwingine, haipunguzi, wala hasimulii yaliyomo kwenye kilabu cha pombe.

Wa tatu ni mwenye kutunza. Kazi yake haionekani, nayo ndiyo iliyotuletea zile barua za Tanga. Mwandishi alifariki mwezi Juni 1962, akazikwa kwao Vibambani. Barua zake kwa mdogo wake zilitoka katika kitabu miaka 40 baadaye. Zingeweza kuliwa na mchwa, au kuwashia moto, au kufungia vitumbua. Mdogo alizipokea kama amana.

Huko Marekani, katika mji wa Amherst, aliishi mshairi Emily Dickinson, aliyezaliwa mwaka 1830 na kufariki mwaka 1886. Katika miaka yake mingi ya mwisho alitoka nyumbani kwao kwa nadra sana, na marafiki zake aliwafikia kwa barua. Alipofariki, mdogo wake Lavinia, kwa kufuata desturi ya wakati ule, alizichoma barua ambazo watu walikuwa wamemwandikia dada yake. Lakini zile alizoziandika yeye mwenyewe zimesalia zaidi ya 1,000, kwa kuwa zilikuwa mikononi mwa waliozipokea, nao walizitunza. Neno la upendo likishatoka huishi kwa yule aliyelipokea. Ndivyo na Neno la Mungu. Limepandwa ndani yetu, nasi ndio watunzaji wake.

Sasa, wapendwa, tuje nyumbani kwetu. Katika vijiji vya Handeni na Korogwe ni nyumba chache ambazo hazina mtu aliye mbali. Vijana wetu wameondoka kwenda Tanga, Dar es Salaam, Arusha, migodini na hata ng'ambo. Wameondoka kwa sababu njema: mvua haikunyesha, shamba limegawanyika, kazi haipo. Hatuwalaumu. Tena, siku hizi hatuna haja ya kungoja tarishi, maana simu imefika mpaka bondeni na mlimani. Kwa hiyo tungetazamia kwamba ndugu wanazungumza zaidi kuliko zamani.

Lakini mara nyingi mambo huwa hivi. Simu yalia, na mama anaambiwa kwamba ameingiziwa fedha. Jina la mwanawe limo, kiasi kimo, hata salio limo. Neno la mwana halimo. Mama anashukuru, ananunua unga na dawa, kisha jioni anakaa mlangoni na lile swali lake: mwanangu ni mzima? Anakula? Amepata mchumba? Bado anasali? Fedha haikumjibu. Tusidharau fedha, maana kumsaidia mzazi ni amri ya Mungu. Ila tusidhani kwamba tumekwisha kulipa tunapokuwa tumenyamaza.

Wako na wengine ambao ukimya wao si wa kusahau bali wa chuki. Ndugu wawili wa tumbo moja waligombania mpaka wa shamba, au ng'ombe wa mahari, au maneno yaliyosemwa matangani. Tangu hapo kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Miaka mitano inapita, kisha kumi. Halafu siku moja mmoja analetewa habari kwamba mwenzake yuko hospitali, hasemi tena. Anapanda basi na kufika. Anakuta maiti. Wapendwa, hakuna machozi machungu kama ya mtu aliyekuwa na neno la kusema akachelewa. Tumeyaona machozi hayo makaburini mwetu, nanyi mmeyaona.

Shaaban Robert ametuachia hadithi juu ya jambo hilo. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanamwonea wivu ndugu yao Adili na kumtendea hiana, na kwa kosa hilo wanageuzwa kuwa manyani. Adili anaamriwa kuwapiga kila usiku. Anawapiga kwa kuwa ameamriwa, lakini moyo wake unaumia, na anaendelea kuwatunza. Mwisho anawasamehe, nao wanarudia ubinadamu wao. Tunaona nini hapo? Chuki kati ya ndugu huwaondolea watu sura yao ya kibinadamu. Na adhabu, hata ikiwa ya haki, haikuwarudishia sura hiyo. Msamaha uliwarudishia. Mtunzi wa hadithi hiyo ndiye yule yule aliyekuwa akimwandikia mdogo wake barua mwaka hadi mwaka. Alijua udugu unavyovunjika, na alijua unavyotunzwa.

Katika Injili ya leo Bwana wetu anasema juu ya divai mpya na viriba vipya. Yeye mwenyewe ndiye Bwana-arusi aliyekuja na upya huo, na kumpokea kunadai moyo mpya. Hatuwezi kumpokea Kristo na papo hapo kushika uadui wetu wa zamani. Moyo huo utapasuka kama kiriba kikuukuu. Hatusemi basi kwamba kila mtu arudi kwenye kalamu, bahasha na stempu. Vyombo vimebadilika, na vitabadilika tena. Tunauliza tu kama ndani ya chombo mna divai. Barua ya karatasi isiyo na upendo ni karatasi tu. Ujumbe wa simu wenye maneno matano ya kweli waweza kuwa waraka.

Basi, tufanye nini juma hili? Tunapendekeza mambo matatu, mepesi kuyataja na mazito kuyatenda.

Kwanza, kila mmoja achague jina moja. Jina la mtu mmoja tu, ambaye Roho Mtakatifu anatuletea moyoni sasa hivi tunaposikiliza. Tumwandikie, au tumpigie, au tumwendee kabla ya Dominika ijayo. Tusianze na madai wala masimango. Tuanze na salamu, kisha habari za nyumbani: mvua, mahindi, nani amejifungua, nani anaumwa. Kama Paulo hakuona haya kuandika juu ya joho, nasi tusione haya kuandika juu ya kuku na jembe. Na kama ni sisi tuliokosewa, tukumbuke nabii Hosea: Mungu aliyekosewa ndiye aliyeanza.

Pili, katika jumuiya zetu ndogo ndogo tuulizane juma hili swali moja: ni nani kati yetu anayengoja neno la mtu aliye mbali? Yuko bibi asiyejua kusoma, ambaye simu yake anashikiwa na mjukuu. Yuko mzee ambaye macho yameingia giza. Kijana wa jumuiya na akae naye nusu saa, amwandikie maneno yake kama anavyoyasema, bila kuyarekebisha, na jibu likija amsomee. Hiyo ni huduma ya Tertio. Haihitaji fedha wala ruhusa ya askofu.

Tatu, tutunze. Ninyi makatekista mna daftari la kigango, lenye majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliozikwa. Liwekeni mahali pakavu, mbali na mchwa na mvua. Siku moja mtu atatoka mbali kuja kutafuta jina la mama yake humo. Nasi nyumbani tutunze maneno ya wazee wetu: barua za zamani zilizo chini ya godoro, wosia wa babu, majina ya mababu na mahali walipotoka. Wajukuu watatushukuru tutakapokuwa mavumbini.

Wapendwa, tukirudi kwa Mtume Paulo tunaona kwamba Mungu mwenyewe ni mwandishi. Amemwandika kila mmoja wetu kwa Roho wake, na ametutuma kwa watu fulani: kwa mke huyu, kwa mume huyu, kwa jirani huyu, kwa ndugu yule tuliyekosana naye. Wapo watu ambao hawatafungua Biblia maisha yao yote. Barua watakayoisoma ni sisi. Wakitusoma, wasikute ukurasa mtupu.

Tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyesema nasi tangu mwanzo, na siku za mwisho ukasema nasi katika Mwanao, tunakushukuru kwa sababu hukutunyamazia tulipokuacha. Uwakumbuke wana wa Sindeni, wa Handeni na wa Korogwe walio mbali na nyumba zao. Uwalinde, na uwatie hamu ya kuwakumbuka wazazi wao. Uwafariji akina mama wanaongoja. Uwape ujasiri ndugu waliokosana, ili mmoja wao aanze kusema kabla jua halijachwa. Uwabariki makatekista wanaobeba Neno lako kwa miguu toka kigango hadi kigango. Nasi sote utuandike upya kwa Roho wako, ili kila atusomaye akuone wewe. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!